Spana ya Mtungi Iko Wapi? Kweli na Uongo Kuhusu Zahanati za Kambi

Moshi ni mji uliozoea gwaride. Shule ya Polisi iko hapa, na magwanda si kitu kigeni mitaani. Nyuma ya gwaride huwa kuna zahanati ya kambi: tabibu mmoja, wauguzi wawili watatu, vitanda vichache, gari moja. Kuhusu zahanati za namna hii maneno ni mengi. Tuyapime moja moja.

"Askari ni kijana mwenye afya, dharura yake ni risasi."
UONGO. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, yakiwasukuma kusini Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, malaria na kuhara viliua wengi kuliko risasi, na wapagazi ndio walioteketea zaidi. Leo anayeletwa mbio ni kuruta aliyeanguka kwa joto, mpishi aliyeungua mafuta, au mtoto wa sajini mwenye degedege. Raia wa jirani naye hubisha hodi hapohapo.

"KCMC ipo, kazi ya zahanati ni kuandika rufaa."
NUSU KWELI. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Mawenzi nayo iko mjini. Lakini ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika nne tano, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zinatosha kumaliza damu. Kubana damu, kufungua njia ya hewa na kukandamiza kifua havisubiri gari.

"Aliyeanguka kwa joto awahishwe hospitali kwanza."
UONGO. Huku chini, kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, jua la Januari na Februari halina mchezo. Kuruta akianguka mbioni, mwili unawaka na maneno yake hayaeleweki, mpozeni kwanza, safari baadaye. Mvueni magwanda, mtumbukizeni kwenye pipa au karo la maji baridi huku mmoja amemshika kichwa kisizame. Karo likikosekana, ndoo kwa ndoo, na mumpepee.

"Jeraha lolote la mguu, funga kamba."
INATEGEMEA. Damu inaruka na kuibana kwa mkono hakusaidii? Weka mkanda wa kuzuia damu juu kidogo ya jeraha, upande wa kiwiliwili, kaza mpaka ikome, andika saa uliyofunga. Nyoka? Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, na jiwe jeusi liache mfukoni: halivuti sumu. Vua pete na viatu, tuliza kiungo kwa gango, mpeleke penye dawa ya sumu ya nyoka.

"Akizidiwa mlimani, oksijeni itamtuliza aendelee kupanda."
UONGO. Askari na Kilimanjaro ni habari ya zamani: Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru kileleni, mita 5,895. Ila urefu wa mlima haujali cheo. Aliyefika kibanda cha Kibo, mita 4,720, akaambiwa atembee kisigino kikigusa vidole naye akapepesuka, huenda ubongo wake umevimba. Tiba ni kushuka mara moja, hata usiku, hata kwa machela ya gurudumu moja. Oksijeni ni ya kumsaidia njiani.

"Mtungi wa oksijeni tunao, adrenalini tunayo, tumejiandaa."
UONGO, mpaka mfanye zoezi. Niliwahi kushuhudia zoezi katika zahanati moja ndogo huku miteremkoni. Mlinzi wa geti alilala sakafuni, akajifanya hapumui. Mtungi ulikuwepo, umejaa, umepakwa rangi mpya. Spana ya kuufungulia haikuonekana. Muuguzi akakimbilia stoo. Stoo ina kufuli, na mwenye ufunguo kaenda sokoni. Ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa, ikapatikana, lakini barakoa yake ilikuwa ya mtoto mchanga. Mlinzi alianza kwa kucheka pale sakafuni. Saa ya ukutani ilipofika dakika ya saba, hakuna aliyecheka tena.

Siku hiyohiyo spana ikafungwa kwa mnyororo shingoni mwa mtungi. Tarehe za mwisho za adrenalini zikaandikwa mlangoni mwa kabati, na chini yake dozi ya mtu mzima mwenye mzio mkali: nusu miligramu, msuli wa paja.

"Mazoezi ni ya tabibu na wauguzi tu."
UONGO. Usiku wa manane, wa kwanza kumwona mgonjwa ni mlinzi, na wa kumbeba ni dereva. Yule mlinzi wa zoezini sasa anakandamiza kifua vizuri kuliko wengi. Na spana anajua ilipo.