Mafungu ya Biashara katika Hesabu: Mfano wa Kampuni ya Unilever

Mwanachama anapoonyeshwa ziada mwishoni mwa hesabu ya mwaka, aghalabu huridhika. Lakini ziada ni jumla tu. Chama chenye duka, lori na mashine ya kukoboa chaweza kupata ziada mwaka hadi mwaka huku duka likila fedha zinazoletwa na lori, na wanachama wasijue. Makampuni makubwa ya bidhaa za nyumbani hukabiliwa na jambo hilohilo, na namna yanavyotakiwa kulieleza yafaa ifahamike na makatibu wa vyama.

Kanuni ya 8 ya kimataifa ya taarifa za fedha, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, huyahusu makampuni ambayo hisa au hati zake za madeni huuzwa katika masoko ya hadhara. Kiini chake ni kwamba kampuni itangaze mafungu ya biashara yake kwa mgawanyo uleule ambao wakuu wake huutumia wanapogawa fedha na kupima kazi. Fungu lenye asilimia 10 ya mapato yote, au ya faida, au ya mali, sharti liwe na hesabu yake. Tena mafungu yanayotajwa lazima yabebe angalau asilimia 75 ya mapato yatokayo kwa wateja wa nje. Neno "nje" lina uzito. Mashine ya chama ikikoboa mpunga wa duka la chama, malipo hayo ni mapato ya mashine, lakini chama kwa jumla hakijapata hata senti moja. Ndiyo sababu huondolewa kwenye jumla.

Kampuni ya Unilever, yenye sabuni ya Omo na mafuta ya Vaseline, ilikuwa na mafungu matatu kabla ya Julai 2022. Fungu moja lilikusanya vyakula, chai na aiskrimu. Faida ya aiskrimu haikuwa na mstari wake katika mgawanyo huo. Kisha kampuni ikaunda mafungu matano: urembo na siha, usafi wa mwili, usafi wa nyumba, lishe, na aiskrimu.

Hesabu za mwaka 2023 zikadhihirisha mengi. Mauzo yote yalikuwa Euro bilioni 59.6, na faida ya uendeshaji, bila kuhesabu gharama za nadra, riba na kodi, ilikuwa asilimia 16.7 ya mauzo hayo. Aiskrimu iliuza Euro bilioni 7.9 ikapata asilimia 10.8 tu. Usafi wa mwili uliuza Euro bilioni 13.8 ukapata asilimia 20.2. Yaani mauzo ya fungu hili hayakufika maradufu ya aiskrimu, bali faida yake ilizidi mara tatu. Machi 2024 kampuni ilitangaza kuitenga aiskrimu, ikieleza kwamba yahitaji usafirishaji wa baridi, hutegemea majira ya joto na hutaka mtaji mwingi. Desemba 2025 aiskrimu ikawa kampuni ya peke yake. Sababu hizo zilikuwapo hata kabla ya 2022, ila hazikuwa na ukurasa wake.

Penye ugumu, na pengine penye hila, ni gharama za pamoja. Mshahara wa katibu, kodi ya ofisi na malipo ya mkaguzi ni za fungu lipi? Akitaka kuliokoa duka, mtu aweza kuitwisha mashine gharama zote hizo. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ina mafungu matano, na gharama zisizogawiwa fungu lolote huziweka mahali pa peke yake, penye jina la makao makuu. Njia hiyo ni ya uwazi kuliko kugawa kwa kubahatisha.

Kanuni hiyo haivibani vyama vya msingi ambavyo hisa zake haziuzwi hadharani. Hata hivyo, katibu aweza kufungua ukurasa wa leja kwa kila kazi ya chama: mauzo, bidhaa zilizonunuliwa, mshahara wa mhusika, na uchakavu wa chombo. Uchakavu ndio husahauliwa mara nyingi, na lori huonekana lina faida mpaka siku ya kununua jingine. Bidhaa za duka nazo zihesabiwe siku ya kufunga mwaka, mbele ya wajumbe wawili wasiohusika na duka.