Kisangani: kula mapema, kunywa kahawa, kisha konseri, lakini nani atavusha watu wa Lubunga usiku?

Mwezi wa saba ukifika na watoto wamemaliza masomo, mabango ya konseri yanaanza kuonekana kwenye kuta za mji wa Kisangani. Watu wanauliza kwanza nani atakuja kuimba. Swali la pili ndilo linaloumiza kichwa: tutakula wapi, saa ngapi, na tutarudi nyumbani namna gani?

Kwa mtu wa Makiso au wa Mangobo, jibu ni jepesi. Anakula, anapanda pikipiki, anasikiliza muziki, anarudi. Kwa mtu wa Lubunga, hesabu ni nyingine kabisa. Kati ya komini sita za mji huu, Lubunga peke yake iko ngambo ya kushoto ya mto Kongo, na hakuna daraja. Mtu huyo anavuka kwa mtumbwi, kwa balenyeri au kwa baki inapofanya kazi. Konseri ikimalizika usiku wa manane, mto unabaki palepale.

Hapa neno "beach" lina maana yake. Mgeni akilisikia anafikiria mchanga, viti vya kulalia na hoteli. Mkaaji wa Kisangani akisikia "biche" anafikiria mahali pa kupandia chombo, penye mifuko ya makala, mikungu ya ndizi na wamama wenye mabeseni kichwani. Mchanga upo pia, pale maji yanapopungua, kando ya mto Kongo na mto Tshopo, na vijana wanapenda kwenda kupumzika huko siku ya posho na siku ya Mungu. Kunywa kitu baridi mbele ya maji, kula samaki, kungoja muziki uanze: hayo ndiyo mapumziko ya Boyoma. Lakini njia ya kwenda na ya kurudi inapita kwenye biche ya kazi, na biche ya kazi ina saa zake.

Saa ya Kinshasa, saa ya Kisangani

Kosa la kwanza linatokea kwenye tangazo. Kisangani inatangulia Kinshasa kwa saa moja. Konseri ikitangazwa kwenye televisheni ya Kinshasa kuwa ni saa moja usiku, bila kusema ni saa ya wapi, hapa kwetu inaweza kuwa saa mbili. Tena kila mtu anajua kwamba orkestra haianzi kwa saa iliyoandikwa. Mwanamuziki mkubwa anapanda jukwaani wakati watu wamekwisha kuchoka kungoja.

Jua nalo halingoji. Mji huu uko karibu sana na ikweta, hata digri moja kamili kaskazini yake haifiki. Hakuna kiangazi cha siku ndefu kama Ulaya, ambako watu wanakula nje saa tatu usiku na bado kuna mwanga. Hapa, mwezi wa saba kama mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu za jioni jua linakuwa limezama au linazama. Mvua nayo haina likizo, inapungua tu.

Kwa hiyo anayepanga jioni yake sawasawa anapanga kwa kurudi nyuma. Anaanza na saa ya kurudi, kisha saa ya muziki, kisha saa ya kula.

Chakula kinaanza siku nne kabla

Anayefikiri kwamba chakula cha jioni kinaanza jioni hajawahi kutengeneza kwanga. Muhogo unalowekwa majini siku tatu au nne mpaka ulainike. Kisha unatolewa nyuzi, unasagwa au kutwangwa, unafungwa ndani ya majani na kupikwa kwa mvuke. Kwanga ya siku ya posho inaanza siku tatu au nne kabla. Mama anayeuza chakula karibu na uwanja wa konseri ameweka feza yake majini kabla ya kujua kama mvua itanyesha, kama umeme utakuwepo, au kama mwanamuziki atapanda ndege kweli.

Samaki ni wa siku ileile. Asubuhi, wavuvi Wagenia wanaangalia mitego yao kwenye maporomoko: vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, vimefungwa kwenye miti mirefu iliyosimamishwa katikati ya mawe na maji makali. Anayetaka samaki mzuri anaenda mapema, kwa sababu mahoteli na wauzaji wakubwa nao wanaenda mapema.

Liboke ya samaki inaomba subira. Samaki anatiwa chumvi, kitunguu, nyanya na pilipili, anafungwa ndani ya majani ya mangungu, anawekwa juu ya makala. Muda wake ni karibu saa nzima, na moto mkali hausaidii. Unachoma majani na kuacha nyama mbichi. Ndiyo sababu watu wenye uzoefu wanaagiza liboke saa tisa ili wale saa kumi na nusu. Wanaofika saa moja usiku wanakuta mstari mrefu, makala yamepungua, na bei imepanda.

Pembeni kuna lituma, ndizi ya kupika iliyochemshwa na kutwangwa mpaka inashikana, chakula ambacho watu wa Tshopo wanakijua tangu utoto. Kuna pia sombe yenye mafuta ya mawese. Kwa familia ya watu sita, njia isiyo ya gharama kubwa ni kupika nyumbani, kubeba lituma na sombe ndani ya sufuria yenye kifuniko, na kununua liboke mbili tu pale penye maji. Noti ndogo za franka zinasaidia, kwa sababu usiku makuta ya kurudisha yanakosekana.

Kahawa iliyotoka kwetu na kurudi ndani ya kopo

Baada ya kula, kahawa. Na hapa mkaaji wa Kisangani ana haki ya kujivuna kidogo. Robusta, kahawa inayonywewa leo dunia nzima, ina mizizi katika misitu ya Kongo. Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mbegu zake zilipelekwa Ubelgiji, na nyumba moja ya biashara ya mimea mjini Brussels ikaiuza kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Mwaka 1901 ilifika Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeharibu mashamba ya arabika. Mmea wa Kongo ulistahimili, na kutoka hapo ukaenea Asia.

Karibu kilometa 100 kutoka Kisangani, ukishuka na mto, kuna Yangambi. Huko Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha INEAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1933, na leo kinashikwa na INERA. Miti ya robusta ilichaguliwa na kuboreshwa pale kwa miaka mingi. Mwisho wa miaka ya 1980 Kongo ilikuwa inauza ngambo zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaua miti, vita vikaja, barabara zikafungwa na msitu, na wakulima wengi wakaacha mashamba.

Matokeo yake yanaonekana mezani. Mara nyingi anayeagiza kahawa Kisangani analetewa maji ya moto na unga wa kopo uliotoka nchi nyingine. Wanaokaanga kahawa wenyewe wapo: wanakaanga juu ya makala, wanatwanga kwenye kinu, wanachemsha na tangawizi na sukari. Kikombe hicho ni kichungu na kizito. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na kwa mtu anayengoja orkestra mpaka saa tano usiku, hilo si jambo dogo. Ushauri ni mmoja: usinywe mapema. Kahawa ya saa kumi na mbili inaisha nguvu wakati muziki unaanza. Na atakayeendesha pikipiki usiku anywe kahawa, si pombe.

Kurudi

Mji huu una deni kwa muziki na muziki una deni kwake. Abeti Masikini alizaliwa hapa mwaka 1954, akaimba Olympia ya Paris mwaka 1973. Koffi Olomide naye alizaliwa hapa mwaka 1956, wakati mji ukiitwa bado Stanleyville. Si ajabu kwamba konseri inajaza watu.

Lakini kujaza watu kuna hatari yake. Tarehe 29 mwezi wa kumi 2022, watu 11 walikufa kwenye uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa wakati wa konseri ya Fally Ipupa. Mwezi wa saba 2024, kwenye uwanja huohuo, watu wengine walikufa kwa msongamano kwenye konseri ya nyimbo za Injili ya Mike Kalambayi. Somo ni jepesi: fahamu mlango wa kutokea kabla ya kukaa, usimpeleke mtoto mdogo katikati ya umati, na toka kabla ya wimbo wa mwisho.

Juu ya maji, hatari ni kubwa zaidi. Serikali imekataza mara nyingi safari za usiku mtoni, kwa sababu ajali nyingi zinatokea gizani, ndani ya vyombo visivyo na taa, vilivyojaa kupita kiasi, na watu wasio na jile za kuokoa. Kijana wa Lubunga anayetoka konserini saa sita usiku ana njia tatu: kulala kwa ndugu upande wa kulia, kukaa nje mpaka alfajiri, au kumlipa mwenye mtumbwi anayekubali kuvuka gizani. Njia ya tatu ndiyo ya kukataa, hata kama marafiki wote wamekwisha kupanda. Anayeenda apange mahali pa kulala kabla ya kununua tiketi, na familia yake ijue ni kwa nani. Kwa wasichana, jambo hilo ni la lazima.

Kuna njia ya nne, lakini iko mikononi mwa wanaotayarisha konseri. Muziki ungeanza saa nane mchana. Saa kumi na nusu watu wangekula liboke mbele ya maji wakati kuna mwanga. Wamama wangeuza chakula chote bila kuogopa giza wala kukatika kwa umeme. Kahawa ingenyweka jua likishuka, na watu wa Lubunga wangevuka kabla ya usiku, wakiwa wameona kila kitu walicholipia. Anayetaka kuendelea usiku, aendelee.

Studios Kabako ya mcheza dansi Faustin Linyekula, inayofanya kazi Kisangani tangu mwaka 2006, imeonyesha kwamba sanaa inaweza pia kuvuka na kuwafuata watu Lubunga. Wenye konseri za likizo wanaweza kujifunza hapo. Kubadilisha saa kwenye bango hakugharimu kitu, na kwa komini nzima, saa hiyo ndiyo inayoamua nani atasikiliza muziki na nani atausikia kwa mbali, ng'ambo ya maji.