Gari la spoti: kilo chache zashinda farasi wengi

Ukiwauliza vijana wa Goma ao Bukavu gari gani la spoti ni bora, wengi watakujibu kwa namba: farasi mia ngapi, kilometa ngapi kwa saa. Bugatti Veyron haikosi kutajwa. Ni kweli, ilipotoka mwaka wa 2005 ilikuwa na nguvu za farasi 1001 na ilipita kilometa 400 kwa saa. Lakini ina uzito wa karibu kilo 1900, na nje ya uwanja wa mbio mwenyewe hana mahali pa kuikanyaga mpaka mwisho. Amenunua namba za kuhadithia.

Kwangu mimi, gari la spoti lililofundisha dunia ni dogo zaidi: Mazda MX-5. Lilionyeshwa mara ya kwanza Chicago, Marekani, Februari 1989. Motere ya litre 1.6, nguvu za farasi karibu 115, viti viwili, uzito chini ya kilo 1000. Leo gari nyingi za kupelekea watoto shuleni zina nguvu kuliko hiyo. Hata hivyo, Aprili 2016 kiwanda cha Hiroshima kilitengeneza MX-5 ya milioni moja, na hakuna gari lingine dogo la spoti la viti viwili lisilo na paa lililouzwa hivyo.

Wajapani hawakuficha walikojifunzia. Miaka ya 1960 Waingereza walikuwa mabingwa wa gari ndogo zisizo na paa, kama Lotus Elan na MGB. Zilikuwa tamu kuongoza, ila zilivuja mafuta na umeme wake ulikuwa wa kubahatisha. MGB ilikoma mwaka wa 1980. Mazda walichukua utamu ule ule, wakaufunga na motere inayowaka kila asubuhi. Hapo ndipo Waingereza waliposhindwa.

Wepesi unaleta nini? Gari jepesi linasimama upesi, linakata kona bila kuburuta mwili wake, na halili magurudumu ovyo. Zaidi ya yote, dereva anasikia barabara mikononi akiwa kilometa 60 ao 70 kwa saa tu. Gari la farasi 600 likienda mwendo huo linalala usingizi. Ili liamke, lazima uvunje sheria. Na mwendo una hesabu yake isiyojali ufundi wa mtu: ukiuongeza mara mbili, nguvu ambayo freni zinapaswa kuzima inaongezeka mara nne. Anayeshindana na marafiki usiku katikati ya mji, penye pikipiki na akina mama wanaovuka na mizigo kichwani, si mpenzi wa magari hata kama anajua majina yote ya Ferrari. Wajerumani wenye hamu hiyo wanalipa, wanaingia Nürburgring, njia ya mbio ya kilometa karibu 21 iliyofunguliwa mwaka wa 1927, ambako magari yote yanaelekea upande mmoja.

Jambo la pili linalogawanya wapenzi wa magari ni vitesi. Mtu aliyeshuka milima ya Ngomo akielekea Kamanyola na gari lenye mzigo hahitaji maelezo: anaingiza vitesi ya pili, anaiacha motere izuie gari, freni zinapumzika. Kule kwa matajiri, ufundi huo wa mkono na ambreyaji ulikaribia kufa. Mwaka wa 2013 Porsche walitoa 911 GT3 mpya bila vitesi vya mkono, kwa sababu mashine hubadilisha upesi kuliko mtu yeyote. Wateja wakanung'unika. Mwaka wa 2016 kampuni ikatoa 911 R, yenye vitesi vya mkono, gari 991 tu. Bei zake za kuuziana zilipanda kupita kiasi, na mwaka uliofuata vitesi vya mkono vikarudi kwenye GT3. Toyota nao walipitia njia hiyo: Supra ya 2019 ilitoka otomatiki peke yake, mpaka mwaka wa 2022 walipoongeza ya mkono.

Mashine inashinda kwa sekunde, hilo halina ubishi. Lakini anayeenda kazini hashindani na sekunde, na mkono usio na kazi huanza kutafuta simu.

Sasa yanakuja ya umeme. Betri za mengi kati yake zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga, kwa hiyo habari hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Gari la umeme lina nguvu ya ajabu tangu mguu unapogusa, ila betri ni mzigo. Hyundai Ioniq 5 N, iliyotoka mwaka wa 2023, ina uzito unaopita tani mbili. Na kwa kuwa wahandisi wake walijua dereva angechoshwa na ukimya, waliitilia sauti ya motere isiyokuwepo na vitesi nane vya uongo, vinavyotikisa gari kila ukivuta kijiti nyuma ya usukani. Wengine wanacheka. Mimi naona wahandisi hao wameelewa dereva anachotafuta, ila wamekifunga ndani ya tani mbili.