Wimbo unaokataliwa mlangoni: sababu na dawa

Katika parokia zetu za Lubumbashi, toka Kamalondo na Katuba mpaka Ruashi, nyimbo nyingi za korali zinakaa katika madaftari ya waimbishaji. Mchwa na mvua wanajua njia ya madaftari hayo. Mwimbishaji akifa, watu wanakumbuka sauti ya kwanza tu. Sauti ya besi inazikwa pamoja naye.

Tunajua vilevile kwamba kitu kilichowekwa vema kinadumu. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alipita Katanga na mashini yake ya kunasa sauti. Kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, alinasa gita la Jean Bosco Mwenda. Mwaka wa 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, International Library of African Music. Mwenda alikwisha kufa, lakini gita lile lingali linasikiwa.

Siku hizi kuna maktaba za muziki katika intaneti. IMSLP ilianzishwa mwaka wa 2006 na Edward Guo. Kwa Kiswahili kuna Swahili Music Notes, inayokusanya nota za nyimbo za Kikatoliki. Basi kwa nini waimbishaji wengi wanapandisha wimbo mara tatu, na mara tatu unakataliwa? Wengine wanasema: «Hawatutaki.» Mara nyingi sivyo. Mashini inafuata kanuni zake tu, nayo haijui kueleza vema. Tuchunguze sababu moja moja, kama vile mganga anavyomwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

I. Uzito wa faili

Sauti iliyonaswa kwa namna ya WAV, kwa kipimo cha sahani za CD, ina uzito wa karibu mega 10 na nusu kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 5 ni mega 53. Wimbo uleule kwa MP3 ya kilobiti 128 haufiki mega 5. Tena, mwendo wa intaneti unahesabiwa kwa biti, na biti 8 zinafanya baiti 1. Mtu mwenye mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde anapandisha faili ya kwanza kwa dakika 7, ya pili kwa sekunde 40. Katika dakika 7 umeme unaweza kukatika, na mega alizonunua zimekwenda bure.

Nota nazo zina uzito. Ukurasa mmoja wa A4 uliopigwa picha ya rangi, kwa nukta 300 katika kila inchi, una mega 26 kabla ya kubanwa. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, mega 1 tu. Nota hazihitaji rangi. Kila maktaba ina mpaka wake. Seva nyingi zinazotumia programu ya PHP, zisipobadilishwa, hazipokei faili inayopita mega 2. Sherti kusoma mpaka huo kwanza.

Lakini tuangalie: ile WAV tusiifute. Yenyewe ndiyo mbegu. MP3 ni unga. Unga haurudi kuwa mbegu.

II. Namna ya faili

Wengine wakiona maktaba inataka MP3, wanabadili herufi za mwisho za jina: toka .wav wanaandika .mp3. Kumwita mbuzi kondoo hakumpi manyoya. Maktaba inafungua faili, inaona ni WAV, inakataa. Sherti kuigeuza kwa programu.

Hivi pia kwa nota. Faili ya MuseScore au ya Finale inafunguka kwa programu yake; maktaba nyingi zinataka PDF. Na wakati wa kuitoa PDF, herufi za nota ziingizwe ndani yake. Zisipoingizwa, msomaji wa Kolwezi ataona viboksi na alama za ajabu mahali pa nota.

III. Jina la faili

Tuandike jina kwa herufi za kawaida na tarakimu, bila nafasi, bila aksanti za Kifaransa, bila alama za kuuliza wala za kushangaa. Kwa mfano: Zaburi_22_sauti_nne.pdf. Seva nyingine zinashindwa na aksanti moja tu.

IV. Njia na saa

Kama kazi inakatika katikati, kila mara mahali pengine, kosa liko njiani, si katika faili. Tujaribu usiku au asubuhi mapema, wakati watu wachache wanatumia njia. Maktaba ikiwa na namna ya kuendelea pale kazi ilipokatika, tuitumie.

Kuna tena sababu moja inayofichama. Katika kompyuta nzee, pili ndogo inayotunza saa ikichoka, kila umeme unapokatika mashini inarudi kwenye tarehe ya zamani. Basi kompyuta inafikiri hati ya usalama ya maktaba haijaanza kazi, nayo inakataa kufungua. Watu wanalaumu njia, kumbe ni tarehe. Tusahihishe tarehe na mwaka, mlango utafunguka.

V. Haki ya mwenye wimbo

Pengine faili inaingia, kisha siku chache inaondolewa. Hapo mara nyingi shauri ni la haki. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtungaji muda wa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Joseph Kiwele, mtungaji mkubwa wa Katanga, alikufa mwaka wa 1961. Kwa hesabu yetu muda wake ulitimia mwaka wa 2011. Lakini maktaba iliyo katika nchi ya miaka 70 itahesabu mpaka mwisho wa 2031. Basi tuulize: maktaba hii inafuata sheria ya nchi gani?

Maktaba zinaogopa kwa sababu. IMSLP yenyewe ilifungwa katika Oktoba 2007, baada ya barua ya nyumba moja ya kuchapa nota, ikafunguliwa tena katikati ya 2008. Kwa hiyo, mtungaji akiwa hai, tumwombe ruhusa kwa maandishi. Tumwangalie na mtunga maneno, maana yeye naye ana haki. Tena tuandike jina la kila mtu kwa haki. Kwa Missa Luba, iliyonaswa mwaka wa 1958, dunia inajua jina la Padri Guido Haazen. Majina ya waimbaji wa Kamina waliozizua sauti zile, ni nani anayeyajua?

VI. Ginsi ya kutafuta kosa

Tubadili kitu kimoja tu kila mara. Kwanza tupandishe faili ndogo ya jaribio. Ikiingia, njia ni nzuri, kosa liko katika faili kubwa. Isipoingia, tutazame njia, tarehe, au neno la siri. Tuandike hesabu inayotokea: 413 maana yake faili ni nzito mno, 408, muda umepita, 401, maktaba haijakutambua, 403, imekukataza, 500, kosa liko kwao, tungoje.

Tena neno «imepokelewa» halitoshi. Tufungue wimbo kwa simu ya mtu mwingine, tuusikilize mpaka mwisho, tuhesabu kurasa. Faili inaweza kuingia nusu.

Na daftari je? Tusilitupe. Maktaba pia zinafungwa. Wimbo uwe na nakala tatu: moja katika intaneti, moja katika kompyuta ya parokia, moja ya karatasi katika sanduku kavu.

Mtaguso wa Vatikano wa pili uliagiza, mwaka wa 1963, kwamba muziki mtakatifu utunzwe kwa uangalifu mkubwa, na muziki wa mataifa yetu upewe heshima yake. Agizo hilo linatimizwa pia kwa kusahihisha tarehe ya kompyuta na kulipa faili jina jema. Wapenzi waseminari, katika likizo mtembelee waimbishaji wazee wa parokia zenu. Wao wana nyimbo, ninyi mna simu. Muanze na daftari moja.