USINGOJE MZEE APOTEE NJIA

Kinga ya ubongo huanza mapema, jikoni na mtaani

Tuseme yuko mzee wa mtaa wa Jericho ambaye kila Jumamosi huenda soko la Burma kununua nyama. Njia hiyo ameipita kwa zaidi ya miaka thelathini. Jumamosi moja anafika karibu na soko, anasimama, anatazama huku na huku. Hajui alikotoka wala aendako. Anarudishwa nyumbani na makanga wa matatu anayemfahamu.

Wajukuu wanacheka: "Babu amezeeka!" Jirani ananong'ona kwamba amerogwa. Mkewe hacheki. Kwa miezi kadhaa amemsikia mumewe akiuliza swali lile lile mara tano kabla chai haijapoa.

Msomaji, huenda mzee wa namna hii yuko kwako, uwe unaishi Buruburu, Kayole au Kaloleni. Usimcheke, wala usitafute mchawi. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mtu aliyechanganyikiwa kwa maradhi ni rahisi kushukiwa.

Si uzee tu

Kusahau ulipoweka miwani ni jambo la kawaida. Kusahau miwani ni ya kazi gani ni jambo jingine. Ugonjwa huu wa kupotewa na kumbukumbu huitwa dimenshia, na aina yake iliyoenea zaidi ni ule uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa nao, zaidi ya nusu wakiwa katika nchi zenye mapato ya chini na ya kati. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Hata hivyo lipo tumaini. Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet la Uingereza lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari. Lilikadiria kwamba yote yakirekebishwa, karibu visa 45 kati ya kila 100 vingezuiwa au kucheleweshwa.

Anza na damu

Ubongo ni kama sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 kati ya 100 za oksijeni. Kwa hivyo, kinachoharibu mishipa ya damu huharibu ubongo pia. Adui mkubwa ni shinikizo la damu, na ubaya wake ni kwamba mgonjwa anaweza kukaa miaka bila kuhisi lolote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu Mkenya mmoja kati ya wanne walio watu wazima alikuwa nalo, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa.

Basi pimwa, hasa ukishatimiza miaka 40. Pimwa sukari pia. Punguza chumvi, chipsi na vijiko vya sukari kwenye chai. Sukuma wiki, managu, githeri na omena ni chakula cha heshima. Sigara iache, na pombe isikutawale.

Tembea. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, umalize safari kwa miguu. Dakika 150 kwa wiki zinatosha kwa kuanzia.

Akili, masikio na marafiki

Wale wazee wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti hawapotezi wakati. Wanafikiri, wanabishana, wanacheka. Upweke ni miongoni mwa yale mambo 14, kwa hivyo mama asiache chama chake kwa sababu amezeeka. Elimu ya utotoni nayo hukinga. Maktaba za Kaloleni na Makadara ziko karibu. Mpeleke mtoto, nawe uketi usome.

Vijana, hili lawahusu pia. Muziki wa matatu unaotikisa vioo huharibu masikio, na kutosikia vizuri kumo katika orodha ile. Kuumia kichwa kumo pia: usipande bodaboda bila helmeti.

Akishaanza kusahau?

Mpeleke hospitali mapema. Wakati mwingine kinachomsahaulisha ni upungufu wa vitamini, tezi ya shingo, huzuni nzito au dawa anazomeza, na hayo hutibika. Ikiwa ni dimenshia, familia itajua namna ya kumtunza: atembee na mtu, abebe karatasi yenye nambari ya simu ya nyumbani, na asizomewe anaporudia swali.

Baada ya chakula, mchukue mzee wako mkono, mtembee polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Mwulize habari za Nairobi ya ujana wake. Kesho mwende wote wawili mkapimwe shinikizo la damu.