Waajiri Pwani wapiga hesabu ya bima ya afya

GHARAMA za matibabu ya wafanyakazi, ambazo kampuni nyingi zilizoea kuziweka kwenye fungu la dharura, zinahamia kwenye orodha ya mishahara. Wenye viwanda wa Kibaha na waajiri wa Kisarawe sasa wanapima kama fedha hizo zitarudi kwa njia ya huduma.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweka mchango wa asilimia 6 ya mshahara kwa sekta binafsi iliyo rasmi, mwajiri akilipa si chini ya nusu. Kiwango hicho si kigeni: ndicho kinachochangwa kwa watumishi wa serikali katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi mwaka 2001.

Kiwanda chenye wafanyakazi 100 wanaolipwa wastani wa Sh. 300,000 kingetoa Sh. 900,000 kwa mwezi, au Sh. milioni 10.8 kwa mwaka. Hiyo ni mbali na asilimia 10 ya NSSF. Faida ni kwamba mzigo unajulikana mapema. Mwajiri anayelipa ankara za hospitali mwenyewe anaweza kumaliza fungu lake kwa wagonjwa wachache wa upasuaji.

Hata hivyo, kadi ina thamani pale tu inapopokelewa. Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF zikipinga bei za kitita kipya cha mafao. Kibaha ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi. Kisarawe ina hospitali ya wilaya, na anayehitaji bingwa huelekea Dar es Salaam. Siku za kazi zinazopotea safarini na kwenye foleni hazionekani katika ankara yoyote, lakini mwajiri huzilipa.

Wanaobaki nje ni vibarua. Kwao kinga ya karibu imekuwa Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), ambao mwaka 2018 ulipangiwa mchango wa Sh. 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Kwa kiwango hicho, kaya za vibarua 50 zingegharimu Sh. milioni 1.5, karibu sawa na mchango wa mwajiri kwa wafanyakazi 14 wa kudumu wa kiwanda kile.

Kabla ya kutia saini, mwajiri aombe orodha ya hospitali zinazopokea kadi, aanze na zile zilizo jirani na lango la kiwanda chake.