Spindeli na Elimu ya Kiasi: Ukarabati wa Mashine Ndogo ya Kuchonga Chuma

Mashine ya kuchonga chuma hutofautiana na mashine ya kukereza kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba katika kukereza kinachozunguka ni kipande kinachofanyiwa kazi, ilhali katika kuchonga kipande hubanwa kwenye jiliwa na kinachozunguka ni kikatio. Mhimili unaokishika kikatio hicho na kukizungusha huitwa spindeli, na kwa kuwa kila kosa la mhimili huo huhamia moja kwa moja kwenye uso wa chuma, hakuna sehemu nyingine ya mashine ambayo uzima au ubovu wake hudhihirika upesi kiasi hicho katika kazi iliyokamilika.

Miongoni mwa mashine ndogo zilizoenea katika karakana za nyumbani za Uingereza na Marekani ni X2, inayotengenezwa na kampuni ya Sieg ya Shanghai, nchini China, na kuuzwa na wafanyabiashara mbalimbali kwa rangi na majina tofauti. Ni mashine ya kuwekwa mezani, ambayo katika umbo lake la kawaida mwendo wake hauzidi mizunguko 2,500 kwa dakika. Kwa kuwa bei yake imeshushwa ili watu wa kipato cha kawaida waimudu, wamiliki wengi hawaioni kuwa kitu kilichokamilika, bali huifungua, huisafisha na kuiboresha wenyewe, na mara nyingi spindeli ndiyo hutangulia. Hata hivyo, ukarabati huo haufanikiwi kwa bei ya vipuri peke yake. Hufanikiwa kwa kujua kiasi, yaani kiasi cha mkazo, cha grisi na cha mwendo, kwa sababu karibu kila sifa inayoongezwa katika spindeli hulipiwa na sifa nyingine inayopungua.

Kilichomo ndani

Spindeli ya mashine ya aina hii ni bomba la feleji lililosimama wima ndani ya kichwa cha mashine, likishikiliwa na beringi mbili, moja chini karibu na kikatio na nyingine juu karibu na gia au mkanda. Mdomo wake wa chini umechongwa tundu lenye umbo la pia, yaani pana nje na jembamba ndani, ambamo kishikio cha kikatio huingia na kuvutwa juu na bolti ndefu inayopita katikati ya bomba lote.

Matundu hayo ya pia ni ya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya Morse, iliyopewa jina la Stephen Morse, Mmarekani aliyetengeneza vifaa vya kutobolea katika miaka ya 1860. Pembe yake nzima ni karibu digrii 3 tu, na kwa wembamba huo kishikio hunata ndani kwa msuguano hata baada ya bolti kulegezwa, kiasi kwamba hulazimu kugongwa ndipo kitoke. Aina ya pili ni R8, iliyobuniwa na kampuni ya Bridgeport ya jimbo la Connecticut kwa ajili ya mashine yake mashuhuri iliyoanza kuuzwa mwaka 1938. Pembe yake hukaribia digrii 17, kwa hiyo kishikio huachia kwa urahisi zaidi bolti inapolegezwa. Tofauti hii si ya urahisi wa kazi tu, kwa maana kila pigo la nyundo linalohitajika kukitoa kishikio kilichonata hupita kwenye beringi, na beringi hupokea mzunguko vizuri kuliko inavyopokea kishindo.

Kupima kabla ya kufungua

Kosa la kawaida la mwenye mashine mpya ni kununua beringi za bei kubwa kabla ya kujua kama zilizomo zina kasoro. Kipimo kinachotumika ni geji ya saa, chombo chenye mshale unaoonyesha msogeo wa sehemu moja ya mia ya milimita au chini ya hapo. Ncha ya geji huwekwa kwenye ukuta wa ndani wa tundu la pia na spindeli huzungushwa polepole kwa mkono; tofauti kati ya usomaji wa juu kabisa na wa chini kabisa huitwa myumbo. Baada ya hapo spindeli husukumwa na kuvutwa, pembeni na juu chini, bila kuzungushwa, na mshale ukisogea ni dalili ya kile ambacho mafundi wa Afrika Mashariki hukieleza kwa neno moja: beringi inacheza.

Vipimo hivi viwili havisemi jambo moja. Myumbo unaorudi mahali palepale katika kila mzunguko huashiria tundu lililochongwa kombo au lenye uchafu, ilhali myumbo unaohamahama huelekeza lawama kwenye beringi. Kama tundu ni sawa lakini kikatio kinayumba, koleti, yaani kishikio chenye nyufa kinachobana mpini wa kikatio, hutolewa, hugeuzwa nusu mzunguko na kurudishwa. Sehemu iliyoinuka ikihama pamoja nayo, kasoro iko kwenye koleti, na kuing'oa spindeli kungekuwa kutibu mguu kwa maumivu ya kichwa.

Umuhimu wa namba hizi ndogo huonekana katika hesabu nyepesi. Kikatio chembamba cha milimita 3 chenye meno mawili huenda kikatakiwa kula milimita 0.02 ya chuma kwa kila jino. Myumbo nao ukiwa milimita 0.02, na ukaangukia upande wa jino moja, jino hilo litakula milimita 0.04 huku lenzake likipita bila kugusa kitu. Kikatio cha meno mawili hugeuka kuwa cha jino moja lililobebeshwa mzigo maradufu, na kwa wembamba wake huvunjika bila mwenye mashine kuelewa chanzo.

Aina tatu za beringi

Vipimo vikithibitisha kwamba beringi zinacheza, swali linalofuata ni zipi ziwekwe mahali pake. Hapa msomaji husaidiwa na utaratibu wa kimataifa wa kuzipa beringi namba, ambao humwezesha muuzaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Birmingham kutoa kipuri kilekile bila kuuliza jina la mashine. Katika namba 6206, kwa mfano, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, yaani milimita 30. Kipenyo cha nje ni milimita 62 na unene ni milimita 16. Hii ni beringi ya kawaida ya gololi, ambayo mfereji wake una kina sawa pande zote mbili. Hustahimili mizigo ya kila upande kwa wastani na haihitaji marekebisho mengi, lakini huachiwa nafasi ndogo ya kucheza tangu kiwandani, na nafasi hiyo ndiyo adui wa mchongaji.

Beringi ya namba 7206 ina vipimo vilevile vya nje, lakini mifereji yake imechongwa ili gololi ziegemee kwa mshazari, kwa pembe ambayo katika matoleo mengi ni kati ya digrii 15 na 40. Beringi hii hupokea msukumo wa upande mmoja tu, kwa hiyo hufungwa mbili zikipeana migongo, na nati ya juu inapokazwa pete zake za ndani huvutwa moja kuelekea nyingine hadi nafasi yote ya kucheza inakwisha. Mbano huo unaowekwa kabla ya kazi kuanza huitwa mkazo wa awali. Fundi akizifunga zote mbili zikitazama upande mmoja, mkazo huo hauwezi kupatikana, na hili ni kosa linalofanyika kwa urahisi kwa sababu kwa macho pande mbili za beringi hiyo hufanana sana.

Ya tatu ni 30206, ambayo badala ya gololi hutumia roli zenye umbo la pia. Kwa kuwa roli hugusa mfereji wake kwa mstari ilhali gololi hugusa kwa nukta, beringi hii ni ngumu zaidi kusogezwa na hubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini huzaa joto jingi kasi inapopanda. Unene wake ni milimita 17.25, na nyongeza hiyo ya zaidi ya milimita moja hulazimu fundi kuhakikisha mapema kwamba vifuniko na nati bado vitapata nafasi. Kwa hiyo anayechonga feleji kwa mwendo wa polepole atafaidika na roli, na anayechonga alumini kwa kasi atafaidika na gololi za mshazari.

Mkono, joto na grisi

Kanuni ya kwanza ya kuingiza beringi ni kwamba nguvu isipite kwenye gololi. Beringi ikiingizwa kwenye spindeli husukumwa kwa pete ya ndani, na ikiingizwa kwenye kichwa cha mashine husukumwa kwa pete ya nje. Anayesukuma pete moja ili kuikaza nyingine huzigandamiza gololi hadi zikaacha vishimo kwenye mfereji, na beringi mpya huanza kuunguruma siku ya kwanza.

Joto hupunguza haja ya nguvu. Feleji hutanuka kwa karibu mikroni 12, yaani sehemu 12 za milioni ya mita, kwa kila mita na kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo tundu la milimita 30 likipashwa digrii 80 zaidi ya joto la chumba hupanuka kwa karibu milimita 0.03, nafasi inayotosha beringi kuteleza mahali pake kwa kusukumwa kidogo. Beringi yenye kizimba (kishikio cha gololi) cha plastiki au grisi iliyotiwa kiwandani haipaswi kupashwa kupita kiasi, na moto wa wazi hautumiki kabisa, kwa sababu huivuruga feleji iliyokwisha kutiwa ugumu.

Katika grisi, desturi ya kujaza mpaka ifurike huleta madhara. Theluthi moja ya nafasi iliyo wazi ndani ya beringi hutosha, kwa kuwa grisi iliyozidi huvurugwa na gololi na kugeuza nguvu ya injini kuwa joto. Joto hilo huitanua pete ya ndani kuliko ya nje, mkazo wa awali huongezeka, nao mkazo huongeza joto. Ndiyo sababu spindeli iliyofungwa upya huanzishwa kwa mwendo mdogo na kupandishwa hatua kwa hatua huku kichwa cha mashine kikiguswa. Kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kuwekewa kiganja, nati hulegezwa kidogo na zoezi huanza tena.

Kasi hununuliwa kwa msokoto

Baada ya beringi, uboreshaji unaopendwa zaidi ni kuondoa gia za X2, ambazo baadhi yake ni za plastiki na huvunjika kikatio kinapokwama, na kuweka puli na mkanda. Kelele hupungua, mtetemo wa meno ya gia huondoka, na kikatio kikikwama mkanda huteleza badala ya kitu kuvunjika. Wengine huenda mbali zaidi na kufunga injini ya umeme iliyounganishwa na spindeli kuwa kitu kimoja, inayoendeshwa na inveta, yaani kifaa kinachobadilisha marudio ya umeme. Kwa hezi 400, injini ya namna hiyo yenye jozi moja ya ncha za sumaku huzunguka mara 24,000 kwa dakika.

Hesabu, hata hivyo, ina pande mbili. Kikatio cha milimita 6 kinachopaswa kuikata alumini kwa kasi ya mita 100 kwa dakika huhitaji mizunguko 5,300 hivi, na hapo X2 ya kawaida haifiki hata nusu. Lakini kikatio cha milimita 12 kinachokata feleji kwa mita 25 kwa dakika huhitaji mizunguko 660 tu, na katika mwendo huo kinachotakiwa ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha. Injini ya kilowati 2.2 kwenye mizunguko 24,000 hutoa msokoto usiofika nyutoni-mita 1, na kuipunguza kasi kwa inveta hakuuongezi. Injini ya wati 350 tu, ikipita kwenye gia hadi mizunguko 1,100, hukaribia nyutoni-mita 3 kabla ya hasara za msuguano. Kwa hiyo gia zilizodharauliwa zilikuwa na kazi, na anayeziondoa hana budi kujua kwanza ni chuma gani kitakachokaa kwenye jiliwa lake.

Kazi yote ikishamalizika, geji ya saa hurudishwa mahali ilipoanzia, na spindeli hupimwa ikiwa baridi na tena baada ya kuzunguka nusu saa. Namba zilizoandikwa kabla ya kufungua, zikiwekwa kando ya namba za sasa, ndizo zinazoeleza kama kilichoongezwa ni usahihi, au ni bei ya mashine peke yake.